Etangi Isikauke, Isifurike: Kulinda Kimo cha Maji Wakati Hauko Nyumbani



Katika mikutano yetu hapa Sange swali moja linarudi kila mara. Mtu ana bwawa lake la samaki, ama etangi kama wengi wetu tunavyosema. Analisha vizuri, analinda vizuri. Halafu simu inalia: kuna kilio Bukavu, ama mtoto amelazwa hospitali Uvira, ama kuna arusi ya ndugu kule Luvungi. Lazima aende. Anatuuliza: "Sasa maji ya etangi nitaiacha na nani? Niifunge ama niiache wazi?"

Tunajibu kwa kifupi kwanza: usiifunge yote, na usiiache wazi yote. Kimo cha maji hakilindwi na mtu kusimama pale kila saa. Kinalindwa na mlango mdogo wa kuingilia, tiyo kubwa ya kutokea, na alama ambayo hata jirani anaweza kuisoma. Ukiwa na hivyo vitatu, unaweza kusafiri siku tano na kurudi ukakuta samaki wako. Sasa tueleze namna ya kufanya, na sababu yake.

KOSA LETU WENYEWE

Tusijifanye wajuzi wa kuzaliwa. Bwawa letu la mafundisho lina urefu wa meta 20 na upana wa meta 10. Mara moja, katikati ya majira ya mvua, timu yetu yote ilipanda Bukavu kwa mkutano wa siku nne. Kabla ya kuondoka tulisema: "Tuache maji iingie mingi, hivyo samaki hawatakosa." Tukafungua mlango wa mfereji wote.

Siku ya pili, wenzetu wa mpunga walio juu ya mfereji wakamaliza zamu yao, wakafunga milango yao. Maji yote yakateremka kwetu. Na pale pa kutokea tulikuwa tumeweka wavu wa matundu madogo sana. Majani yakaja, wavu ukaziba. Maji yalipokosa njia yakapita juu ya ukingo, yakala udongo kidogo kidogo mpaka ukingo ukapasuka. Tuliporudi, watoto wa mtaa walikuwa wanaokota samaki katika shamba la mihogo la jirani. Kazi ya miezi mitano iliishia pale, na jirani tulimlipa mihogo yake.

Kosa la upande mwingine lilimpata mama mmoja wa koperative wakati wa kiangazi. Yeye aliogopa mafuriko, basi akafunga kabisa. Alikuwa anaenda kwenye matanga ya siku tatu. Matanga ikawa siku 12. Bwawa lake lilikuwa linapoteza kama sentimeta 3 kila siku. Hesabu wewe mwenyewe: siku 12 mara 3 ni sentimeta 36. Upande wa kina kifupi, palipokuwa na sentimeta 60, pakabaki 24. Ndege wavuvi wakafanya karamu. Makuta aliyokuwa anategemea kwa masomo ya watoto ikapungua karibu nusu.

Hawa wote wawili, sisi na yule mama, hatukuwa wavivu. Tulikosa hesabu tu.

MAJI YANAENDA WAPI?

Maji ya bwawa yanapotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni jua na upepo. Hapa kwetu katika bonde la Ruzizi joto ni kali kushinda kule Bukavu, sababu tuko chini sana. Siku ya jua na upepo, bwawa linaweza kupoteza karibu nusu sentimeta kwa kukauka hewani. Nusu sentimeta inaonekana si kitu. Lakini kwa bwawa la meta 20 kwa meta 10, hiyo ni lita 1,000, yaani bidoni 50 za lita 20, kila siku!

Njia ya pili ni udongo. Maji yanapenya chini na kupita katika ukingo, zaidi sana kama udongo una mchanga, ama kama kuna matundu ya kaa na panya, ama kama udongo haukushindiliwa vizuri pembeni ya tiyo. Bwawa jipya linavuja kushinda la zamani, sababu matope bado hayajaziba chini.

Ukitaka kujua bwawa lako linapoteza kwa njia gani, fanya jaribio la ndoo. Halina gharama:

1. Chagua siku isiyo na mvua. Funga maji ya kuingia, na hakikisha hakuna yanayotoka.
2. Weka ndoo ndani ya bwawa, pa kina kifupi, na mawe ndani yake ili isimame imara. Mdomo wa ndoo ubaki juu ya maji ya bwawa.
3. Jaza ndoo maji mpaka yalingane na maji ya bwawa. Weka alama ndani ya ndoo, na alama nyingine nje juu ya kijiti.
4. Rudi kesho saa ile ile, upime.

Maji ya ndoo yamepunguzwa na jua peke yake, sababu ndoo haivuji. Maji ya bwawa yamepunguzwa na jua pamoja na udongo. Kama ndoo imeshuka nusu sentimeta na bwawa limeshuka sentimeta 2, basi sentimeta moja na nusu imepotea ndani ya udongo. Hapo unajua kazi yako ni kuziba: udongo wa mfinyanzi, kushindilia, kutafuta matundu. Ukifanya kazi ile kabla ya kiangazi, safari zako zote zitakuwa nyepesi.

KUPIMA MAJI YA KUINGIA

Tuchukue bwawa letu la meta 20 kwa 10, linalopoteza sentimeta 2 kwa siku. Hiyo ni lita 4,000. Inatisha kusikia, lakini siku ina dakika 1,440. Gawanya: ni karibu lita 3 tu kwa kila dakika. Mkondo mwembamba kabisa unatosha!

Chukua ndoo ya lita 10 na simu yenye saa. Kinga maji pale yanapoingia. Kama ndoo inajaa kwa dakika tatu na nusu, bwawa lako liko sawa sawa na hasara yake. Kwa wakati wa safari, sisi tunashauri kuongeza mpaka mara mbili, yaani ndoo ijae kwa dakika moja na robo tatu hivi. Ziada inakulinda siku ya jua kali, ama siku mfereji ukipungua kidogo.

Kwa nini tusiongeze mara kumi? Sababu ni mbili. Kwanza, maji ya kijani ya bwawa ni chakula. Ile rangi ni mimea midogo sana ya majini inayoliwa na tilapia. Ukipitisha maji mengi unaisafisha rangi, unatupa chakula chako nje. Pili, maji mengi yanaleta udongo na takataka, na samaki wa mwitu wanaoweza kula vifaranga vyako.

Usiache mlango wa udongo uliofunguliwa kwa jembe. Mlango wa namna ile unaliwa na maji na kupanuka usiku mmoja. Weka tiyo, na katika mdomo wa tiyo kizibo cha mti chenye tundu la unene wa kidole. Tundu lina faida moja kubwa: mfereji ukipanda, maji yanayopita katika tundu yanaongezeka kidogo tu. Hata maji yakisimama juu ya tundu mara nne kuliko kawaida, yanayoingia yanakuwa kama mara mbili, si mara nne. Ni kama mlinzi asiyelala.

Na tukumbuke jambo la hapa kwetu. Mito yetu inateremka kutoka milima ya upande wa magharibi. Mvua inaweza kunyesha kule juu usiku kucha, na hapa Sange mbingu iko wazi. Asubuhi mfereji umejaa. Mtu aliye Bukavu hawezi kujua. Tundu dogo linajua.

TIYO YA KUTOKEA NDIYO INAYOSHIKA KIMO

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanafikiri kimo cha maji kinashikwa na mlango wa kuingilia. Hapana. Kinashikwa na pale pa kutokea. Maji yakiingia kidogo kushinda hasara yatapanda polepole mpaka kwenye mdomo wa tiyo ya kutokea, halafu ziada itatoka. Hayawezi kupanda zaidi ya pale, kama tiyo ni pana na haijaziba.

Tazameni maziwa yetu mawili. Ziwa Kivu linatokea Bukavu kwa mto Ruzizi, na pale kuna bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza lenye milango ya kupimia maji. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na mlango ule ni mdogo. Sehemu kubwa ya maji yake inaondolewa na jua. Mvua ikizidi miaka kadhaa, ziwa linapanda tu. Mwaka 2024 tuliona wenyewe namna maji yalivyoingia katika nyumba za watu Uvira, Kalemie na Bujumbura. Etangi isiyo na mlango mzuri wa kutokea ni Tanganyika ndogo nyuma ya nyumba yako.

Basi fanya hivi:

– Mdomo wa tiyo ya kutokea uwe sentimeta 30 chini ya mgongo wa ukingo. Hiyo nafasi kavu ndiyo akiba yako ya mvua.

– Tiyo ya kutokea iwe pana angalau mara mbili kuliko ya kuingilia. Ukiweza, weka mbili, kusudi moja ikiziba nyingine ifanye kazi.

– Ukitumia tiyo ya PVC yenye kona, unaweza kuisimamisha ama kuilaza. Ukiilaza kidogo, kimo kinashuka. Ukiisimamisha, kinapanda. Ifunge kwa kamba kwenye mti imara ili isianguke wakati hauko. Ikianguka, bwawa lote litatoka.

– Maji yanayotoka yaelekeze kwenye mboga ama migomba. Maji hayo yana mbolea. Usiyaache yaanguke kwenye mguu wa ukingo, yatauchimba.

Mvua yenyewe inayoanguka juu ya bwawa si adui mkubwa. Mvua kali ya milimeta 60 inapandisha bwawa sentimeta 6 tu. Adui ni maji yanayotoka barabarani na kwenye mteremko. Chimba mtaro upande wa juu wa bwawa, maji hayo yapite pembeni.

WAVU: MATUNDU YA KIASI

Wavu wa kutokea uzuie samaki, lakini usizuie maji. Matundu yakiwa madogo sana, majani machache yanaufunga, kama ilivyotupata sisi. Fanya wavu uwe kama kikapu kilichozunguka mdomo wa tiyo, si kipande kidogo kilichobandikwa. Kikapu kina uso mkubwa. Upande mmoja ukiziba, maji yanapita upande mwingine. Mbele ya mlango wa kuingilia piga vijiti karibu karibu, vishike majani kabla hayajafika.

Tunawaomba jambo moja kwa uzito: msitumie chandarua cha kulalia. Dawa iliyo ndani yake ya kuua mbu inaua samaki pia, hata kwa kiasi kidogo. Na chandarua kile ni cha mtoto kulala ndani yake, si cha etangi.

MAJI NI YA WOTE

Mfereji si wa mtu mmoja. Wenzetu wa mpunga wana zamu yao. Kabla ya safari, nenda kwa mwenye kupanga zamu ya maji. Mwambie: "Papa, nasafiri siku nne. Tundu langu linachukua ndoo moja kwa dakika mbili. Je, hakuna atakayelalamika?" Mara nyingi atakubali, sababu ni maji kidogo. Lakini ukiondoka bila kusema, mtu atakuja usiku na jembe, atafunga mlango wako, na atakuwa na haki yake. Mabwawa mengi yamekauka kwa ugomvi kuliko kwa jua.

MLINZI NA KIJITI

Hata ukitengeneza vizuri, bado unahitaji mtu wa kupita asubuhi na jioni. Usimpe maneno mengi. Simamisha kijiti ndani ya maji, ukate alama mbili kwa kisu: moja sentimeta 5 juu ya kimo cha kawaida, nyingine sentimeta 10 chini. Mwambie hivi:

– Maji yakiwa katikati ya alama mbili: safisha wavu, uende zako.

– Maji yakipita alama ya juu: funga mlango wa kuingilia, safisha wavu, unipigie simu.

– Maji yakishuka chini ya alama ya chini: tazama kama tundu la kuingilia limeziba, zunguka ukingo utafute pa kuvuja, unipigie simu.

– Samaki wakija juu asubuhi wakifungua midomo: wanakosa hewa. Ongeza maji mapya mpaka watulie.

Mfanyishe kazi hiyo mbele yako siku mbili kabla ya kuondoka. Mtu aliyeambiwa tu anasahau, aliyefanya kwa mikono anakumbuka. Usimwachie mtoto mdogo peke yake, maji ya meta moja yanatosha kumzamisha. Na mlinzi umpe chake. Samaki wachache siku ya mavuno wanafanya ujirani udumu.

CHAKULA KABLA YA SAFARI

Kuna wanaofikiri: "Nitakosekana siku tano, basi nitupe chakula cha siku tano leo." Usifanye hivyo. Chakula kisicholiwa kinaoza, na kuoza kunakula hewa ya maji. Vilevile usijaze samadi mpya katika mbolea ya bwawa siku ya kuondoka. Tilapia mkubwa katika maji ya kijani anaweza kukaa siku kadhaa bila pumba zako. Atapungua kidogo, hatakufa. Lakini akikosa hewa, atakufa usiku mmoja.

Kimo cha maji kinagusa hata uzazi. Tilapia dume anachimba kiota chini, mara nyingi pa kina kifupi, na jike anabeba mayai mdomoni. Maji yakishuka ghafla, viota vinabaki kavu na vifaranga vinakosa pa kujificha.

KWA WENYE BESENI LA VIFARANGA NYUMBANI

Wanamemba wachache wanalea vifaranga katika beseni kubwa ama pipa lililokatwa. Wao hawana mfereji, lakini wana dawa nyingine, ile ile ya chombo cha kunyweshea kuku.

Jaza bidoni ya lita 20, uifunge kwa mkono, uigeuze kichwa chini, mdomo uingie ndani ya maji ya beseni mpaka kimo unachotaka. Ifunge imara kwa miti, halafu ondoa mkono. Maji hayatamwagika yote. Yakishuka beseni mpaka mdomo wa bidoni uwe wazi, hewa inaingia ndani ya bidoni na maji yanatoka kidogo. Yakifunika mdomo tena, yanasimama. Beseni la meta moja kwa meta moja linapoteza kama lita 5 kwa siku ya jua. Basi bidoni moja ni siku nne.

Angalia mambo matatu. Bidoni isiwe na tundu hata la sindano, sababu hewa ikiingia juu, maji yote yatatoka. Iwe kivulini, sababu jua likipasha hewa iliyo ndani, hewa inavimba na kusukuma maji nje. Na kama ni maji ya bomba yenye dawa, yaache katika chombo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia.

KABLA YA KUFUNGA MZIGO

Jaribio la kweli ni hili: siku tatu kabla ya safari, weka tundu, tiyo na wavu kama utakavyoviacha. Halafu usiguse kitu. Tazama kijiti tu asubuhi na jioni, kana kwamba umekwisha kuondoka. Kama maji yanabaki katikati ya alama mbili, nenda kwa amani. Kama hayabaki, bado una siku ya kutengeneza.

Sisi bwawa letu tulilijenga tena, safari hii na tiyo mbili za kutokea na kikapu cha wavu. Tangu hapo tumepanda Bukavu mara nyingi. Jirani wa mihogo ndiye mlinzi wetu sasa. Anayetaka kuona tundu la kizibo na kikapu cha wavu aje tu, tutampimia maji kwa ndoo pamoja naye. Na mwenye njia yake nyingine iliyomsaidia, atuletee katika mkutano, tuifundishane wote.